Orodha tupu isifukuzwe mlangoni

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wako wa vijana kuhusu kuandika programu za kompyuta nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, kwa sababu mjukuu wangu aliye kidato cha tatu alikuwa ameketi mkekani na kompyuta mapajani, akifuata hatua moja baada ya nyingine. Imeandikwa vizuri, kwa Kiswahili anachokielewa mtoto, na namshukuru mwandishi. Ugomvi wangu ni wa sentensi moja tu. Anasema kila programu inayopokea orodha ianze kwa kuuliza kama orodha ina kitu ndani, na ikiwa tupu ikatae kazi na kutoa kosa, kwani hakuna hesabu ya kitu kisichokuwepo.

Hesabu ya kitu kisichokuwepo ndiyo iliyonilisha miaka ishirini na miwili. Nilizaliwa hapa Tanga, Ngamiani, nikafuatana na mume wangu Kanada, na mwaka 1983 nikaajiriwa Toronto katika kampuni ya bima na pensheni. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu kwa lugha inayoitwa APL. Nimerudi nyumbani sasa, macho yamechoka, lakini jambo hili nikiliona limeandikwa kinyume gazetini siwezi kulinyamazia, hasa nikijua walimu wanaukata ukurasa ule na kuubandika darasani.

APL haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianza kama mwandiko wa hisabati. Kenneth Iverson, mwana wa Kanada aliyezaliwa Camrose, Alberta, mwaka 1920, aliubuni akifundisha Harvard, kwa kuwa mwandiko wa kawaida haukumtosha kueleza anachofundisha. Kitabu chake kilitoka 1962, na kufikia 1966 IBM walikuwa na mashine inayouelewa. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta hakuna iliyo juu yake. Katika lugha yake huiambii mashine ichukue namba ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Unaishika orodha nzima mara moja. Alama ya kujumlisha ikifuatwa na mkwaju, +/, maana yake ni kuipachika alama hiyo katikati ya kila namba na jirani yake, basi +/ 3 5 2 ni 10. Ukiweka ya kuzidisha, ×/ 3 5 2 inakuwa 30. Herufi ya Kigiriki iota inatoa namba za kuhesabia: ⍳4 ni 1 2 3 4, na ⍳2 ni 1 2.

Na ⍳0 je? Hiyo ni orodha isiyo na namba hata moja. Ukiiamuru mashine iichape, inaacha mstari mweupe na kukungoja uendelee. Haikugombezi. Kwake ni orodha kama orodha nyingine, ila urefu wake ni 0.

Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri kuliko lugha niliyofundishiwa kazi. Sisi tuna hakuna, tuna hapana, na tuna hamna. Mtungini hamna maji: mtungi upo, mdomo wake upo, debe ngapi unachukua inajulikana, ila ndani hamna. ⍳0 ni hamna. Mwandishi wa makala ameipokea kama hakuna, ndiyo maana akaona haifai kuulizwa chochote.

Tuiulize basi. Jumla ya orodha tupu ni ngapi? Chukua daftari la duka. Mauzo ya asubuhi yana jumla yake, ya jioni yana jumla yake, na ya siku nzima ni hizo mbili zikiunganishwa. Jioni moja mvua ikanyesha mpaka barabara ikafunga, mteja hakuja. Jumla ya jioni hiyo lazima iwe namba ambayo ukiiongeza kwenye ya asubuhi haiigusi. Namba hiyo ni 0, na +/⍳0 inajibu 0. Haikuamuliwa na mtu kwa kupenda kwake. Hesabu ilikuwa imekwisha kuamua kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Kwenye kuzidisha watu wengi huteleza, nami nataka kukaa hapa kidogo. Kwa kufuata njia ile ile, zao la orodha tupu lazima liwe namba ambayo ukizidisha nayo haibadilishi kitu. Namba hiyo ni 1. Wanafunzi wanashangaa: utupu utoe 1? Wanataka 0, kwa sababu wameshazoea kwamba tupu ni sifuri.

Sikiliza kazi yetu ilivyokuwa. Kampuni ya pensheni ina jedwali la vifo. Kwa kila umri, jedwali linakupa uwezekano wa mtu kuufikisha mwaka unaofuata. Ukitaka uwezekano wa mstaafu kuishi miaka mitano zaidi, unachukua namba tano unazizidisha. Miaka mitatu, namba tatu. Mwaka mmoja, namba moja. Na miaka sifuri? Orodha imekuwa tupu, na ×/⍳0 inajibu 1, yaani bila shaka yoyote. Na kweli haina shaka: mtu mwenyewe yuko mbele yako, kalamu mkononi, anatia saini fomu. Malipo ya kwanza ya pensheni hutoka siku hiyo hiyo, na programu yetu iliyazidisha na hiyo 1 kama ilivyozidisha ya mwaka wa pili na wa thelathini. Mstari ulikuwa mmoja kwa wote. Hatukuwa na mlango wa pembeni wa kumpitishia mtu wa siku ya kwanza.

Fungua Excel, andika PRODUCT juu ya seli ambazo hazina kitu. Inajibu 0. Kwa kazi yetu jibu hilo linamwua mstaafu siku anapochukua pensheni yake ya kwanza. Python, lugha ambayo ndiyo mjukuu wangu anajifunza, inajibu sahihi: sum ya orodha tupu ni 0, na math.prod ya orodha tupu ni 1. Kwa hiyo makala imewafundisha vijana kukataa, kwa mistari miwili ya ziada, jibu ambalo lugha yao wenyewe inalo na ni sahihi.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, ingawa unahitaji utulivu. Katika APL kila kitu kina umbo. Jedwali la mistari 3 na safu wima 4 lina umbo 3 4, na ukitaka kujua lina namba ngapi unazidisha umbo lake: 12. Orodha ya namba tano ina umbo 5, na zao la 5 peke yake ni 5. Namba moja pekee, tuseme 7, haina urefu wala upana, kwa hiyo ukiuliza umbo lake unapewa orodha tupu. Namba hiyo imebeba vitu vingapi? Zao la orodha tupu: 1. Ndiyo yenyewe, hiyo 7. Kama jibu lingekuwa 0, kanuni ya kuhesabu ingevunjika kwenye kitu kidogo kuliko vyote.

Namba ndogo kuliko zote katika orodha tupu inatisha ukiiona mara ya kwanza. Mashine kubwa za enzi zetu zilijibu 7.237005577E75, namba yenye tarakimu 76. Kompyuta ya mjukuu wangu, nilipomwekea APL, ilijibu 1.797693135E308. Mtoto akaruka: bibi, imeharibika! Haikuharibika. Ukitaka bei ndogo kuliko zote katika masoko mawili, unachukua ndogo ya soko la kwanza na ndogo ya soko la pili, unazilinganisha. Soko la pili halina muuzaji. Jibu lake lisije likaishinda bei ya soko la kwanza, basi lazima liwe kubwa kiasi kwamba haliwezi kushinda yeyote, na mashine inakupa kubwa kuliko zote inazoweza kuandika. Katika J, lugha aliyoitengeneza Iverson pamoja na Roger Hui mwaka 1990, jibu ni alama ya namba isiyo na mwisho, jambo ambalo ni safi zaidi. Kubwa kuliko zote katika orodha tupu ni kinyume chake, chini kabisa.

Nirudi kwenye umbo, kwa sababu hapo ndipo utupu ulinifundisha adabu ya kazi. Kila robo mwaka matawi yalituletea madai ya vifo katika jedwali la safu wima nne: namba ya mwanachama, umri, kiasi kilicholipwa, mwezi. Tawi lenye madai 12 lilileta jedwali la 12 kwa 4. Tawi ambalo Mungu alilihurumia robo hiyo lilileta jedwali la 0 kwa 4. Halina mstari hata mmoja, lakini lina safu nne, kama daftari la mahudhurio lililopigwa rula na kuandikwa vichwa kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa. Ukilijumlisha kwenda chini unapata 0 0 0 0, sifuri nne, na zinakaa sawasawa chini ya vichwa vyake katika taarifa. Ukilijumlisha kwenda kando, yaani jumla ya kila mwanachama, unapata orodha tupu, kwa sababu hamna mwanachama wa kupewa jumla. Utupu ni ule ule, maswali mawili, majibu mawili, na yote ni kweli.

Ukilipachika jedwali hilo la 0 kwa 4 chini ya lile la 12 kwa 4, linaingia bila neno, unabaki na mistari 12. Lakini siku moja tawi lilileta jedwali tupu lenye safu tano, mtu kule alikuwa ameongeza safu kwenye fomu. APL ilikataa: urefu haulingani. Hamna kitu ndani, na bado halikai. Tuliligundua kosa la fomu robo ile ile, kabla mjane hata mmoja hajaandikwa katika safu isiyo yake. Programu ya mwandishi wa makala ingelifukuza jedwali hilo mlangoni kwa kuwa ni tupu, na kosa lingebaki limelala likisubiri dai la kwanza.

Hata kuamua njia tulitumia utupu. APL ya zamani haikuwa na neno la kama. Ilikuwa na mshale tu, nenda, ukifuatwa na namba ya mstari wa programu. Tuliandika sharti, mkwaju, ambao hapa kazi yake ni kuchuja, kisha mstari. Sharti likiwa kweli, yaani 1, mkwaju unauacha mstari upite, mshale unakwenda huko. Likiwa si kweli, 0, mkwaju unauchuja na kinachobaki ni orodha tupu. Nenda kwenye orodha tupu: huendi popote, unashuka mstari unaofuata. Maelfu ya programu za benki na bima zilisimama juu ya mshale huo. Zingekuwa zinatoa kosa kila zikikutana na utupu, zisingefika mstari wa pili.

Pia utupu haufanani wote. Debe la mafuta ya taa likiisha na ndoo ya maji ikiisha, vyote ni vitupu, lakini hakuna mama wa hapa atakayeteka maji ya kunywa kwa lile debe. Katika Dyalog, ambayo ndiyo APL ninayoitumia leo, orodha tupu ya namba na orodha tupu ya herufi hazilingani: ukiuliza kama ni kitu kimoja unajibiwa 0. Ukiiomba orodha tupu ya namba ikupe vitu vitatu inakupa 0 0 0, ile ya herufi inakupa nafasi nyeupe tatu. J inasema zinalingana, na bado ukiziomba vitatu kila moja inatoa vya kwake. Hapo siwafuati watu wa J, pamoja na heshima yangu kwa Iverson. Kama ni kitu kimoja, harufu tofauti imetoka wapi?

Sasa, Mhariri, sitaki nieleweke kwamba utupu hauna hatari. Nina kisa changu mwenyewe. Katika taarifa ya robo mwaka ya 1987 kulikuwa na safu ya wastani wa malipo kwa wajane, nami niliuandika kama unavyoandikwa kila mahali, jumla ikagawanywa kwa idadi. Tawi moja dogo halikuwa na dai. Jumla 0, idadi 0, na APL ikigawanya 0 kwa 0 inajibu 1, kwa hoja kwamba namba yoyote ikigawanywa kwa yenyewe ni 1. Taarifa ikatoka imeandikwa kwamba wajane wa tawi lile walilipwa kwa wastani dola 1.00. Nilikuwa nimetia saini. Karani wa tawi akapiga simu kuuliza ni mjane gani huyo aliyelipwa dola moja, maana anawajua wote. Sauti ya mama yule haijanitoka masikioni. Hakuwa amekasirika, alikuwa na wasiwasi kwamba kuna mtu amedhulumiwa.

Eugene McDonnell, mmoja wa watu wakubwa wa lugha hii, alikuwa ametetea kwa maandishi tangu 1976 kwamba jibu liwe 0, na J ikaja kulifuata hilo. Kwangu hilo lingekuwa baya zaidi. Dola 1.00 ilimfanya karani ainue simu. Wastani wa 0.00 ungepita kimya na kusomwa kwamba wajane hawakulipwa.

Tatizo ni kwamba wastani si kama jumla. Jumla ya mchanganyiko unaipata kwa jumla mbili. Wastani wa mchanganyiko huwezi kuupata kwa wastani mbili peke yake, lazima ujue kila upande una watu wangapi, kwa hiyo hakuna wastani unaoweza kuwekwa upande mtupu ukawa hauna madhara. Hesabu yenyewe imenyamaza. Ndiyo sababu hata walioijenga lugha hawakuafikiana. Hapo mashine iseme haiwezi, kama Excel inavyotoa kosa la kugawanya kwa sifuri, na hapo naisifu Excel.

Swali la yote nalo lina mtego, ila mtego uko kwa msomaji. Je, madai yote yamekaguliwa? Kwa orodha tupu APL inajibu 1, ndiyo, na ni sahihi, kwa kuwa anayekana inabidi alete dai moja ambalo halijakaguliwa, naye hana. Mkuu wetu mmoja aliisoma hiyo 1 kama sifa, akaliandikia tawi barua ya pongezi kwa kazi nzuri ya ukaguzi. Alipaswa kuuliza kwanza madai yalikuwepo mangapi. Ni maswali mawili, na taarifa zetu baada ya hapo zilichapa majibu mawili, kando kwa kando.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwandishi wa makala, ambaye nadhani ni kijana na ana moyo wa kufundisha, ni kwamba toleo lijalo aibadilishe sentensi ile kabla shule hazijafunguliwa. Asiwaambie watoto waikatae orodha tupu. Awape jumla, zao, ndogo kuliko zote na wastani, awaache waulize kila moja: nikichanganya orodha hii tupu na yenye vitu, nini kisibadilike? Tatu zitajijibu zenyewe. Na kama atataka, Dyalog inapatikana bure kwa asiyefanya biashara nayo, na GNU APL, toleo jingine la lugha hii, ni bure kwa yeyote. Mtoto akiandika +/⍳0 na ×/⍳0 kwa mkono wake atauliza maswali ambayo mimi sikufundishwa mpaka nilipokuwa na miaka ishirini na sita.

Mjukuu wangu ameshazifuta zile alama za ukaguzi alizokuwa ameziweka juu ya kila kazi katika programu yake ya mauzo ya genge la mama yake. Zilikuwa sita. Ameiacha moja, juu ya mstari unaogawanya.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Bi. Z. M.
Ngamiani, Tanga